Maji Leo Yamefika Ngapi?

Jumatatu, 3 Machi

Mvua bado. Leo wameyaleta madaftari ya baba ofisini, masanduku manne ya mbao, wakayabwaga chini ya meza yangu, na tangu saa tatu sina pa kuweka miguu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Serikali inataka kujenga bwawa kubwa juu kidogo ya mji tuliozaliwa, halafu ichimbe mfereji wa kuyachepusha maji hadi uwanda mkavu ulio nyuma ya milima. Kabla ya kuchora chochote cha maana, wanataka kujua mto huo umewahi kufanya nini. Anayejua ni baba. Alikuwa msoma kipimo. Kuna ubao wa chuma wenye namba umesimikwa mtoni. Yeye alikuwa akishuka saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, anasoma maji yamefika namba gani, anaandika. Basi. Miaka ishirini na saba. Mimi sasa nayachapa yote kwenye kompyuta, siku moja baada ya nyingine.

Jioni nilipomwambia, alikaa wima kitini.

"Yapo yote?"

"Yapo, baba."

"Hayajaliwa na panya?"

"Hayajaliwa."

"Sikukosa hata siku moja," akasema. Maneno hayo nimeyasikia tangu sijaota meno ya pili. Mdogo wangu alikuwa akiyaigiza nyuma ya mgongo wake wakati wa kula, nami nikipaliwa na maji.

Kisha akauliza swali lake la kila siku: "Maji leo yamefika ngapi?" Msomaji wa sasa hupiga simu ofisini kila asubuhi, nami naiandika namba kiganjani ili nisiisahau njiani. Leo ni mita moja na sentimita ishirini na mbili. Akatikisa kichwa akaridhika. Macho yake hayaoni tena ila mwanga na kivuli, lakini mto anauona.

Jumanne, 4 Machi

Nimechapa. Mgongo.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Rula amerudi kutoka mkutano na wananchi wa kule. Mama Rula ni mhandisi mkuu wetu; tunamwita hivyo, yeye hayupo, kwa sababu ya rula ya plastiki anayogonga nayo meza. Anasema wazee walisimama mmoja mmoja wakadai kwamba kuna mwaka maji yalifika hadi ngazi za shule, na bwawa likijengwa lisipoachiwa mlango wa kutosha litawamaliza.

"Nikawasomea daftari," akasema. "Mwaka huo wanaousema, mto haukuvuka hata mita tatu. Watu hutia chumvi. Daftari halitii chumvi." Akanigeukia. "Mshukuru mzee wako."

Kichwa kilinivimba kidogo, sitaki kusema uongo.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Rula alikuja nyumbani! Alimwamkia baba kwa adabu zote, akamwambia kwamba siku ya kuweka jiwe la msingi, mwezi Mei, atakaa mstari wa mbele na jina lake litasomwa. Baba alijibu "ahsante" moja tu, kavu, lakini mgeni alipoondoka aliniagiza nimtafutie viatu vyake vyeusi. Sasa anafanya mazoezi ya kutembea bila fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni. Mara mbili amejigonga kabatini. Anasingizia kabati.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Mita moja na sentimita sitini na tano.

Alhamisi, 27 Machi

Sijui niandikeje.

Leo nimefika mwaka aliofariki mama. Nilijua unakuja, nikaufungua kwa uangalifu, nikaanza kuchapa Aprili. Tarehe 18 vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Nilikuwa nazijua zile namba. Nikadhani ni uchovu. Nikarudi kwenye mwaka uliotangulia, nikaweka madaftari mawili ubavu kwa ubavu, nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Kuanzia tarehe 18 Aprili hadi 18 Mei, asubuhi na jioni, ni namba za mwaka wa nyuma yake, kila moja imeongezwa sentimita tatu.

Mwaka ule ndio wanaousema wazee. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mafuriko nayakumbuka vizuri: shule ilifungwa, madawati yalitolewa yakielea. Mimi nilikuwa nimepelekwa kwa shangazi, kilimani, kwa sababu baba alikuwa hospitali ya mkoa na mama, siku arobaini, hadi alipomzika akarudi. Alizikwa huko huko, maji yalikuwa yamekata barabara. Kwa hiyo baba hakuwepo mtoni. Hakusoma chochote. Alirudi akajaza.

Na mimi nimechapa wiki zote hizi nikimsikia kichwani: sikukosa hata siku moja.

Fundi Raba, mchoraji wetu wa ramani, mwenye meza mkabala na yangu, aliniuliza kama nimeona mzimu. Nikamwambia ni njaa. Nyuma yake ukutani kuna mchoro wa utoro, yaani ule mlango wa bwawa wa kutolea maji yanapozidi. Upana wake unatokana na kimo kikubwa kuliko vyote katika madaftari ya baba. Nimeukodolea macho mchana kutwa. Ni mwembamba mno. Chini ya bwawa kuna mji wetu, kuna shule ile ile, na ukuta wa udongo ukipitiwa juu na maji haudumu hata saa chache. Hilo hata mimi karani nalijua.

Jumapili, 30 Machi

Nilimkuta barazani akipiga viatu rangi kwa kupapasa, mvua ikinyesha. Nikajikaza, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Baba, mwaka aliofariki mama, Aprili na Mei, nani alisoma mto?"

Brashi ikasimama.

"Mimi."

"Ulikuwa hospitali."

"Basi niliandika niliporudi. Nilinakili za mwaka wa nyuma, nikaongeza tatu tatu."

"Na mafuriko je?"

"Nilikuwa na msiba, mama." Huniita mama anapotaka jambo liishe.

Lakini mimi sikutaka liishe. Nilimwambia Mama Rula amewafanya watu wazima waonekane waongo mbele ya wajukuu zao kwa sababu ya daftari lake. Nilimwambia bwawa litachorwa kwa uongo wake. Kisha nikasema nililokuwa nalo rohoni: "Hukukosa hata siku moja, kweli." Nikaingia ndani.

Alibaki nje hadi mvua ikaanza kumrushia. Hakuniita nimwongoze. Nilimsikia akipapasa ukuta.

Jumatano, 2 Aprili

Namba nampa, ananishukuru. Mazungumzo ndiyo hayo. Mita mbili na sentimita thelathini.

Alhamisi, 3 Aprili

Majedwali yanafungwa tarehe 11. Baada ya hapo yanakwenda kwa wachoraji na hakuna anayeyafungua tena. Nikinyamaza, baba atakaa mstari wa mbele na viatu vyake. Nikisema, nitakuwa nimemvua nguo hadharani mzee kipofu aliyenilea peke yake. Nimekwenda hadi mlangoni kwa Mama Rula mara mbili. Mara ya kwanza nikajidai naomba karatasi. Mara ya pili nikaomba karatasi tena, akaniuliza kama nazila.

Jumapili, 6 Aprili

Mdogo wangu kapiga simu kusalimia. Baba kamwambia yu mzima, na kwamba mimi nimechoka na kazi, wasinisumbue.

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi Raba alikuja kuazima daftari la mwaka ule ili ahakikishe namba fulani kwenye ramani. Ningemnyimaje? Akaweka kioo chake cha kukuzia. Akacheka.

"Mzee wako alikuwa na mikono mingapi?"

"Kwa nini?"

"Tazama saba zake. Miaka nenda miaka rudi, saba zimenyooka, hazina kitu. Hapa katikati, ghafla, siku arobaini hivi, zimefungwa mkanda. Halafu mkanda unafunguliwa. Alikuwa anakonda?"

Nikaangalia. Tarehe 9 Aprili hadi 18 Mei, kila saba ina kijistari kinachoikata katikati. Mwandiko mwingine wote umeigizwa vizuri, hata sita yenye tumbo kubwa. Saba tu zilisahauliwa.

Nilikwenda chooni, nikajifungia na daftari hili langu mwenyewe, ambalo huwa mkobani. Nikarudi nyuma: tarehe 7 Machi. Tarehe 27 Machi. Zote zina mkanda. Mwalimu wa darasa la tano alitufundisha hivyo ili saba isifanane na moja, nami sijaacha tangu siku hiyo.

Nilifika nyumbani nimelowa, sikuvua hata viatu. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Baba, saba zina mkanda."

Aligeuza uso upande wangu. Kisha akasema, "Nilikwambia yule mwalimu anakuharibia mwandiko."

Nikaangua kilio. Akaniacha nilie, mkono wake kichwani mwangu, halafu akanisimulia polepole mambo ambayo nilipaswa kuyajua mimi.

Alipompeleka mama hospitali aliniachia daftari kwa siku mbili. Siku mbili zikawa arobaini. Siku tisa za mwanzo nilishuka mwenyewe mtoni, asubuhi na jioni, nikasoma. Alizikagua baadaye na anaamini ni za kweli. Siku ya kumi maji yalifunika ngazi za kushukia, na shangazi akaja kunichukua. "Kwa shangazi ulikwenda, ni kweli," baba akasema. "Lakini ulikwenda na daftari. Nilikuwa nimekwambia usikose hata siku moja."

Nami sasa nakumbuka. Meza ya shangazi, kitambaa cha plastiki chenye maua, harufu ya mafuta ya taa. Daftari la zamani kushoto, jipya kulia. Kuongeza tatu kulikuwa kama hesabu za shuleni, na nakumbuka nilijiona mwerevu, kwa sababu nilidhani mtu akiona namba zinafanana kabisa atajua. Nilitaka baba akirudi akute nimeifanya kazi yake. Nilidhani pengine na mama atakuja naye.

"Ulijua lini?"

"Siku niliyorudi. Tope lilikuwa juu ya ukuta wa kibanda cha kipimo, na daftari linaniambia mita mbili na nusu."

"Mbona hukusahihisha?"

"Ningesahihisha, wangeuliza nani kaandika. Niliacha kituo bila ruhusa, wangenifukuza, hilo dogo. Lakini wangekuita ofisini na wewe, wakuweke mbele ya meza yao. Ulikuwa na wiki mbili tangu mama yako afe. Nikupeleke ukahojiwe habari za maji?" Akapangusa uso. "Mkaguzi alipokuja alihesabu kurasa, akaona zimejaa, akatia sahihi. Nikasema basi, ni maji tu, yameshapita. Sikujua kuna siku watajenga juu yake."

Kisha akanipa kitu alichokuwa amekitunza miaka yote hiyo. Kwenye mlango wa kibanda, kwa ndani, mwimo wa kushoto, alipigilia msumari pale tope lilipokomea. Aliushushia kamba hadi sifuri ya ubao. Mita nane na sentimita arobaini.

"Kawaambie," akasema. "Lakini waambie ni mimi niliyeandika."

Nilimwomba msamaha kwa yale ya barazani. Akasema hakusikia, mvua ilikuwa kubwa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimesema. Nilimwambia Mama Rula ukweli wote: mtoto, shangazi, tatu tatu, msumari. Sikumtii baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka rula chini taratibu.

"Unajua niliwaambia nini wale wazee."

"Najua, mama."

"Nitakwenda mwenyewe kuwaomba radhi." Akaita mpima ardhi palepale, akamwamuru aondoke kesho na gari la asubuhi akautafute msumari. Mimi nilirudi mezani, nikakaa nimeshika tama hadi saa za kutoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Barabara zilikuwa mbovu, lakini mpima kafika. Msumari upo, umeliwa na kutu, umebaki kichwa. Mita nane na sentimita arobaini na moja.

Nilimpelekea baba habari mbio mbio. Akakunja uso. "Hiyo moja imetoka wapi? Mwambie kamba yake imelegea."

Tulicheka wote wawili, mara ya kwanza tangu Machi. Maji leo mita tatu na sentimita tano.

Alhamisi, 24 Aprili

Utoro unachorwa upya, upana zaidi ya mara mbili. Fundi Raba anafuta kazi ya wiki nyingi na vumbi la raba limejaa hadi kwenye chai yangu. Hanisemeshi vibaya. Kanikatia andazi nusu.

Hilo ndilo jema. Saa nane Mama Rula aliniita akanipa barua, akatazama dirishani nilipokuwa naisoma. Kanuni za serikali zinasema kumbukumbu ikikutwa na kurasa za kughushi, haiaminiki yote. Yote. Siyo siku thelathini na moja, ni miaka ishirini na saba. Watatumia mahesabu ya mito ya jirani, pamoja na msumari. Na jina la baba limeondolewa kwenye orodha ya wageni. Sababu iliyoandikwa: msomaji alighushi.

"Nilikwambia ni mimi," nikasema. "Ni mimi, mama. Nilikuwa mtoto."

"Na mimi niliandika hivyo. Walirudisha. Fomu ina nafasi ya msomaji tu." Sauti yake haikuwa ya rula. "Nisamehe."

Masanduku manne yamekwenda stoo, nyuma ya jenereta. Kila daftari limegongwa muhuri mwekundu jaladani: HAITUMIKI. Niliomba niligonge mwenyewe lile la mwaka ule. Mengine sikuweza.

Nyumbani baba aliuliza, "Utoro wameuongeza?"

"Wameuongeza, zaidi ya mara mbili."

"Vizuri. Na ile miaka mingine, wanaitumia?"

Zile asubuhi zote, za baridi na za homa. Mara moja alishuka na mguu uliovunjika, akisota ngazi moja moja, mimi nikimbebea kalamu.

"Wanaitumia, baba," nikasema. "Yote."

Habari ya mwaliko nilimwambia ukweli. Akasema afadhali, viatu vinabana.

Ijumaa, 2 Mei

Wameweka jiwe la msingi. Baba alisikiliza redioni kuanzia salamu hadi wimbo wa mwisho. Mgeni rasmi alitaja wafadhili, wakandarasi, wahandisi, hata waliopika. Nilipoingia kuizima redio niliona amevaa viatu vyeusi, amekaa navyo kimya kitandani, soksi na kila kitu. Nilijifanya sikuviona.

Jumamosi, 17 Mei

Msomaji wa sasa amepiga simu kwa mara ya mwisho. Tingatinga zimefika mtoni. Wanachimba njia ya kuuchepusha mto wakati wa ujenzi, na ubao wa kipimo umeng'olewa leo asubuhi pamoja na kibanda. Nilimuuliza kuhusu ule mlango wenye msumari. Akasema mbao zimepigwa moto.

Baba bado sijamwambia. Jioni akauliza, nami kinywa kikafunguka chenyewe: mita tatu na sentimita tisini.

Jumapili, 25 Mei

Amekohoa mchana kutwa. Nimemwambia mita nne na sentimita kumi na moja.

Jumatatu, 26 Mei

Hali ile ile. Hataki uji. Mita nne na kumi na nne.

Jumanne, 27 Mei

Mvua imekatika, na jua la jioni lilikuwa likiingia hadi kitandani kwake. Nikamwinua, nikampangia mito.

"Maji leo yamefika ngapi?"

"Mita nne na sentimita kumi na saba."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani amesinzia. Midomo yake ilikuwa ikienda, akihesabu.

"Juzi ulisema kumi na moja," akasema. "Jana kumi na nne."

Wallahi sikuwa nimejua kwamba nafanya hivyo.

"Wameshaung'oa, eh?"

"Wameung'oa, baba."

"Lini?"

"Siku kumi zilizopita."

Akaupapasa mkono wangu hadi akaupata, akakigeuza kiganja juu, pale ambapo siku zote naandika namba. Akakipitisha kidole gumba. Hapakuwa na kitu.

"Kesho nitajie yoyote unayotaka, mama," akasema. "Lakini usiongeze tatu."

Nikamwambia sawa. Akafumba macho, kisha akauliza kama ya leo nimeshaiandika. Nikamwambia nimeandika, ndipo nikalichukua daftari hili na kukaa ukingoni mwa kitanda, ili asikie kalamu.